Mwaka Nilioikataa Meza ya Wizara

Mwezi uliopita tulimuaga Feresita kazini. Ukumbi ulikuwa wa kukodi, viti vimevalishwa vitambaa vyeupe vyenye mafundo ya rangi ya dhahabu, na watu wa wizara walipanda jukwaani mmoja baada ya mwingine kumsifu kwa uaminifu, kwa kuwahi kazini, kwa mwandiko wake mzuri. Mimi na Feresita tuliingia nchi hii juu ya lori moja, tumekalia magunia ya vitunguu ya mtu tusiyemjua, kwa hiyo niliwekwa meza ya mbele pamoja na ndugu zake. Zilipofika brosheti, yaani mishikaki, na ndizi za kuchoma, mpwa wake mmoja, kijana wa benki, aliniinamia na kusema kwa huruma ambayo sikuiomba: "Shangazi, nasikia ile kazi ilikuwa yako kwanza. Ungeikubali, leo nawe ungekuwa na pensheni." Nilimaliza kutafuna nyama iliyokuwa mdomoni, kisha nikamuuliza: "Mwanangu, nani alikuambia sina?" Akacheka, akidhani natania. Sikuwa natania. Nina karakana mbili. Nina mafundi ninaowalipa kila mwisho wa mwezi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunibishia hodi kudai. Nenda katika mabucha na vituo vya maziwa vya mji huu, uliza vyumba vyao vya baridi vilifungwa na nani; watakutajia mimi au mtu niliyemfundisha mimi. Hiyo ndiyo pensheni yangu, na inanguruma usiku na mchana. Lakini nilipokuwa narudi nyumbani niliona ni afadhali niuandike mwaka ule mwenyewe, kabla watu wa vitambaa vyeupe hawajauandika kwa niaba yangu.

Ulikuwa mwaka 1994, mwaka wa mauaji ya Rwanda, na kwangu ulianza mwezi wa nane. Miezi iliyotangulia sina haki ya kuisimulia. Waliookoka wapo, wataisimulia wakitaka. Waliouawa ndio waliokuwa wenye milango tuliyoikuta wazi. Mimi nilitoka Tanzania, walikokimbilia wazee wetu, nikiwa na miaka ishirini na saba, begi moja la nguo, kisanduku cha chuma cha vifaa, na diploma ya ufundi wa majokofu na mitambo ya baridi niliyoipata katika chuo kimoja cha Dar es Salaam. Nilikuwa mwanamke pekee darasani, na wa pili kwa alama. Wa kwanza alikuwa mtoto wa mwalimu wetu. Zaidi ya hapo sisemi. Aliyetangulia Kigali alikuwa shangazi yangu, dada wa baba, ambaye kwa desturi yetu tunamwita Masenge. Yeye ndiye aliyenilipia ada zote kwa kuuza maziwa ya kugandisha, na alipoingia mjini, jambo la kwanza alilowaambia watu ni kwamba nyuma yake kuna diploma inakuja. Habari hiyo ilimfikia mkurugenzi mmoja wa wizara aliyekuwa akitafuta watu waliosoma. Akamwonyesha Masenge nyumba iliyopo Kabeza, karibu na barabara ya uwanja wa ndege, akamwambia akae humo mpaka mwenye diploma afike. Kwa hiyo niliposhuka kwenye lori nilikuta tayari nina nyumba na nina kazi, na sikuwa nimeulizwa juu ya chochote kati ya hivyo viwili.

Naikumbuka sebule ile kuliko vyumba vingi nilivyojenga mwenyewe baadaye. Mlangoni mtu alikuwa ameandika kwa makaa neno la Kinyarwanda, *Yarafashwe*, yaani imeshachukuliwa, ili wapita njia wasijisumbue. Ndani kulikuwa na makochi ya velveti ya kijani, na ukutani kulikuwa na alama za mraba, safi kuliko rangi iliyozizunguka, mahali ambapo picha zilikuwa zimetundikwa. Masenge alikuwa ameigeuza friji kabati. Ndani yake aliweka maharage, unga wa mahindi na sabuni, na kila nilipoifungua, mkono wangu ulitafuta baridi kwa mazoea ukakutana na vumbi la unga. Wiki ya kwanza, mtaa ulipopata umeme, niliisogeza mbali na ukuta na kuitengeneza bila kuombwa. Ilipoanza kuunguruma Masenge alipiga vigelegele, kisha akalalamika kwamba sasa hana pa kuweka maharage.

Jioni, kabla ya giza, majirani walikuja kukaa kwetu. Wote walikuwa wamerudi kutoka mahali fulani: huyu Bujumbura na Kifaransa chake, yule Kampala na Kiingereza chake, mwingine Goma na suruali zake zilizonyooshwa kama za harusi. Niliwasikiliza nikiwa jikoni nachambua maharage, na kuna kitu kilinishangaza ambacho mpaka leo nawaeleza vijana wanaokuja kuniomba ushauri wa kazi. Hawakuulizana mshahara, kwa sababu mshahara haukuwepo. Serikali ilikuwa haina hata karatasi. Waliulizana nyumba. "Yako ina vyumba vingapi?" mmoja angeuliza, akimaanisha kazi. "Vitatu, na banda la gari," mwenzake angejibu. "Yangu viwili, lakini ina tangi la maji." "Basi kaka, wewe umepandishwa cheo!" Kicheko. Kulikuwa na mwalimu wa hesabu aliyeacha kufundisha akawa mtunza stoo kwa sababu stoo ilikuja na bafu la ndani. Kulikuwa na seremala hodari, kutoka Bukoba, aliyeketi mapokezi siku nzima akipiga muhuri, na randa yake imekaa uvunguni mwa kitanda cha watu. Watu wazima, wenye akili zao, walikuwa wameihesabu nyumba ya mtu mwingine kuwa mshahara wao, na hakuna aliyeona kwamba hesabu hiyo ilikuwa na tundu katikati. Masenge, mwenye nyumba ya vyumba vinne, alikuwa malkia wa kikao hicho.

Nami nilienda kazini, usidhani sikujaribu. Nilipewa meza na kuitwa msaidizi wa afisa wa ugavi. Meza ilikuwa kubwa, ya mbao nzuri, na juu yake hapakuwa na kitu hata kimoja isipokuwa viwiko vyangu. Mwisho wa mwezi tulipanga mstari uani kupokea posho: maharage, unga, mafuta ya kupikia. Ungetuona! Wenye digrii na foronya zilizovuliwa kwenye mito, mkuu wa idara na ndoo ya mtoto ya kuogea. Feresita alikuwa nyuma yangu kwenye mstari huo, akaniambia sikioni: "Angalia yule bwana wa sheria, amekuja na soksi." Tulicheka mpaka tukaonywa. Maharage yale yalikuwa halali kabisa, na nchi iliyovunjwa ilihitaji watu wa kukaa ofisini, siwadharau waliokaa. Nasema tu kwamba mimi nilikuwa na kitu mikononi ambacho mji huo huo ulikuwa unakililia, na nilikuwa nimekalia kiti.

Kazi iliisha mapema mchana, hivyo nilianza kutembea na kisanduku changu. Mji uliotoka kwenye kifo ulitaka vitu viwili kwa haraka, chanjo za watoto na bia baridi, na vyote viwili vilinihitaji mimi. Zahanati zilikuwa na friji za mafuta ya taa ambazo hakuna aliyejua kwa nini zinatoa moshi badala ya baridi. Baa zilikuwa na majenereta na friji zilizopigwa risasi. Niliziba mirija kwa kulehemu, gesi nililetewa na madereva wa malori kutoka Kampala, na nilipokea pesa taslimu wakati wenzangu wanachambua mawe kwenye maharage. Ndipo nilipohitaji mahali pa kufanyia kazi, na ndivyo nilivyomfahamu Mama Zuhura wa mtaa wa Rwezamenyo.

Alikuwa fundi cherehani, Mwislamu wa ukoo wa wafanyabiashara wa zamani, mjane mwenye mwili mkubwa na ulimi mkubwa zaidi, aliyekuwa na chumba cha mbele kilichowahi kuwa duka. Nilibisha hodi. Alinitazama kutoka nyuma ya cherehani kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Wewe iko unatoka wapi?" "Tanzania, mama." "Ndiyo maana. Sasa hodi ya nini? Wenzako hawabishi, wanasukuma." Nilimwambia nataka kupanga chumba, nikauliza kodi. Alimwita jirani yake atoke nje. "Njoo uone! Iko mtu hapa anauliza bei!" Jirani akaja, wakanizunguka, wakaniuliza kama nina mume, kama nina homa. Kisha Mama Zuhura akataja kodi ya wizi. Nikataja nusu yake. Akasema ninamuua. Nikasema basi nitamzika kwa heshima, lakini kwa nusu. Alicheka, tukakutana katikati, na nikamlipa miezi mitatu mbele. Jumamosi iliyofuata niliitundika diploma yangu ukutani, ndani ya fremu, juu ya mirija ya shaba, na nilikaa chini kuitazama kama mtu anayetazama sinema.

Mkurugenzi alipata habari haraka. Alikuwa amekulia Uganda, na Kiswahili chake kilikuwa kimepitia kambi nyingi za jeshi kabla ya kufika ofisini. Hakuwa mtu mbaya. Aliniita na kufunga mlango. "Sista, wewe iko na kichwa. Lakini watu nasema jioni wewe naingia kwa baa na kisanduku. Afisa hapana beba kisanduku." Nikamwambia: "Mheshimiwa, huku nalipwa maharage. Huko nalipwa pesa." Akacheka kwa nguvu. "Serikali nazaliwa jana, wewe nataka itembee leo? Mshahara nakuja! Na ile nyumba, si mshahara?" Kisha akaacha kucheka. Nafasi yangu ilikuwa inafanywa ya kudumu, alisema, na nyumba ingeandikwa kwa jina langu kama mtumishi. Nichague meza au friji. "Jumatatu nipe jibu. Kama hapana, iko mtu nangoja. Na mtu akikuja, nakuja na nyumba yake. Unaelewa? Hiyo mama yako natoka."

Nilielewa vizuri sana. Hapo ndipo nilipoliona lile tundu la hesabu kwa macho yangu. Kazi na paa vilikuwa vimefungwa kwa kamba moja, na kamba hiyo hakuishika mfanyakazi. Ukikosana na mkubwa wako asubuhi, jioni mama yako yuko barabarani na magodoro. Leo nawaambia vijana wangu wote: mwajiri akupe mshahara, hata mdogo, na paa ujitafutie mwenyewe, hata bovu, ili siku utakayotaka kusema hapana uwe na pa kulala. Lakini ni rahisi kusema hivyo ukiwa na karakana mbili. Wakati ule nilikuwa na chumba kimoja cha kupanga, na aliyekuwa atolewe nje alikuwa mwanamke aliyeuza maziwa miaka yote ili mimi niishike hiyo diploma.

Nilimweleza Masenge jioni ile ile. Aliendelea kukunja nguo. "Kwa hiyo unauliza au unaniarifu?" "Nakuarifu nafikiri." "Usifikiri. Nimetoka uhamishoni nikiwa na mvi, mwanangu. Nimelala chini ya nyasi, nimelala chini ya mabati ya watu. Sasa nina sebule. Mtoto wangu ana ofisi. Wewe unataka kunirudisha kwenye chumba kimoja, kwa mwanamke wa cherehani, ili uchezee mabomba?" Nikasema sebule si yake. Akaitupa shuka. "Na tukitoka sisi nani ataingia? Waliokufa?" "Ataingia Feresita," nikasema, kwa sababu nilijua ndiye anayengoja. "Basi Feresita ana akili," alijibu, na hatukuongea tena mpaka Jumapili.

Jumapili mchana mtu alibisha getini. Alikuwa mwanamke wa makamo, amejifunga kitenge mabegani, miguu ina vumbi la njia ndefu. Alisema yeye ni dada wa mtu aliyejenga nyumba hii. Masenge alimkaribisha, akamketisha kwenye kochi la kijani, akampa maji, na yule mwanamke akayanywa akiwa ameketi ukingoni kabisa mwa kochi, kama mgeni anayeogopa kuchafua. Kaka yake, mke wake na watoto wao waliuawa mwezi wa nne. Yeye alikuwa anaishi Gatsata, pembeni mwa mji, na watoto aliowaokota, wa kwao na wasio wa kwao. "Sikuja kwa ajili ya nyumba," alisema. "Nyumba nitaililia siku nyingine. Watoto ni wengi na kasufuria kangu ni kadogo. Hapa kulikuwa na sufuria moja kubwa, ya sherehe, ya masikio mawili. Kama bado ipo." Ilikuwepo. Ilikuwa jikoni, juu ya moto, na ndani yake maharage yetu ya posho yalikuwa yanachemka. Masenge aliinuka. Aliyamimina maharage ndani ya beseni la kufulia, akaisugua sufuria kwa majivu mpaka ikang'aa, akaifuta ndani na nje kwa kanga yake mwenyewe, akarudisha humo sehemu kubwa ya maharage, akafunika. Yule mwanamke aliipokea kwa mikono miwili na kusema asante. Alisema mara nyingi, akirudi nyuma kuelekea getini, asante mama, Mungu akuzidishie, kwa sufuria ya marehemu kaka yake.

Asante ile ndiyo iliyonishinda. Usinifanye mtakatifu, nilikuwa msichana mwenye majivuno, na bado ni mwanamke mwenye majivuno. Katika maisha yangu nimependa kushukuriwa, lakini kwa kitu nilichokifanya kwa mikono hii. Kushukuriwa na mtu kwa kumpa kilicho chake, nikiwa nimesimama ndani ya nyumba ya kaka yake, kulinipandisha joto usoni kuliko tusi. Masenge alirudi jikoni akakaa kwenye kigoda na beseni mapajani. "Nimempa sufuria," alisema bila kunitazama. "Usiniombe nimpe na paa. Sina lingine." Sauti yake haikuwa ya malkia tena. Nilijua nikisema ndiyo kwa ajili yake nitakuwa mtoto mwema, na nikajua pia sitasema.

Jumatatu nilimwambia mkurugenzi hapana. Hakuamini. "Sista, unajua kitu gani unakataa?" "Najua, mheshimiwa. Hata friji yake nimeitengeneza mimi." Kufikia wiki iliyofuata Feresita alikuwa kwenye meza yangu na kwenye nyumba. Hakumfukuza Masenge, hilo namshukuru mpaka leo; alimwambia abaki kama mama. Masenge akabaki. Kila Jumamosi nilikwenda Kabeza na sukari na nyama, nikamwomba aje Rwezamenyo, na kila Jumamosi alipokea nyama na kunisindikiza mpaka getini kama mgeni. Majirani wa jioni walinisalimia kwa sauti ya msibani. Yule seremala aliniuliza kama kweli nalipa kodi, tena kwa mwezi, kisha akatikisa kichwa na kurudi kwenye muhuri wake. Kisha mama mzazi wa Feresita akafika kutoka Karagwe na wadogo zake Feresita, na haki ilikuwa wapewe vyumba. Masenge akahamishiwa stoo, kati ya mkaa na magunia. Hakuniambia. Niliona mwenyewe godoro lake limesimamishwa ukutani, nikafungua mdomo, naye akasema, "Nyamaza." Baadaye haki ilimfuata Feresita pia. Yule dada wa marehemu alirudishiwa nyumba, kama ilivyostahili, na Feresita akaanza kutafuta pa kupanga wakati mimi tayari nilikuwa nanunua kiwanja. Simcheki. Namweleza mpwa wake wa benki, kwa kuwa alitaka kujua.

Masenge alikuja mwenyewe, katikati ya wiki, mwezi wa kumi na mbili. Nilikuwa nimelala chini ya friji ya baa, natafuta mahali gesi inapovuja, nikaona viatu vyake vya plastiki mlangoni. Alikuwa na mkeka, beseni na begi alilotoka nalo Tanzania, na hakuwa na kitu kingine chochote. "Nimekuja kuona hicho chumba," alisema. Mama Zuhura alimtolea kiti chake mwenyewe, na wanawake wale wawili wakapimana kama majogoo. "Binti yako analipa vizuri," Mama Zuhura alianza. "Lakini iko na kelele." "Alizaliwa hivyo," Masenge alijibu. Alikaa. Alitazama mirija ya shaba, friji zilizofunguliwa matumbo, mikono yangu iliyojaa grisi mpaka kwenye viwiko. Aliitazama diploma ukutani muda mrefu. Nadhani hakuwahi kuiona ndani ya fremu. Niliendelea kutafuta tundu la gesi.

Mchana ule ule pikapu ya zahanati moja ilisimama nje ikiwa na friji ya chanjo. Akashuka bwana mmoja wa tai na miwani, akachungulia ndani. "Fundi yuko wapi?" Mama Zuhura hakuinua macho kwenye mshono. "Ndiye huyo unamkanyagia waya." Yule bwana aliruka kando, akanitazama, akaitazama diploma, akaisoma yote kwa sauti mpaka kwenye sahihi ya mkuu wa chuo. Akasikitika kweli, naapa, machoni mwake mlikuwa na wema. "Dada yangu," alisema, "mtu wa cheti kama hiki anafanya nini Rwezamenyo? Nina rafiki mkubwa wizarani. Niachie jina lako tu. Nitakutafutia kazi."

Nilikuwa nimevuta pumzi ya kumjibu, na jibu langu lilikuwa refu. Masenge alinitangulia. Alisimama kutoka kwenye kiti, akajifunga kitenge upya kiunoni, akatoka hadi barazani na kumwonyesha yule bwana pikapu yake.

"Kazi anayo," alisema. "Wewe shusha friji yako."